Sahani ya Bati Iliyobaki Ufaransa

Nyumba ile ilinukia majivu, mbao za zamani, na matunda yaliyowekwa ghalani mwaka fulani yakasahauliwa. Mpaka leo nikifungua kabati lililofungwa muda mrefu, husimama kidogo nikavuta hewa kabla ya kutafuta ninachokitafuta. Bibi yangu, mama yake baba, aliinusa harufu hiyo akiwa bado kizingitini, akakunja uso, akasema hii ni nyumba iliyokaa bila watu na haijui kupokea wageni. Kabla mizigo haijashuka garini alikwishatoa chetezo kwenye mkoba wake wa mkononi, akawasha kaa kwenye meko ya mawe, akafukiza ubani chumba hadi chumba, hata kwenye ngazi ya kwenda darini. Halafu akakusanya masufuria yote ya mwenye nyumba akayachemsha. Jioni tulipoketi kula wali na papa mkavu wa Sidab, aliyesafiri katikati ya nguo za mama, nyumba ilinukia nusu Ufaransa na nusu kwetu.

Tulikwenda huko kukimbia joto la Maskati. Mjini huko tulikaa mtaa wa Hail, nyumba yenye ukuta mrefu na lango la chuma, na mimi nilikuwa mtoto wa pekee. Shule ikifungwa, lango nalo lilifungwa, kwa kuwa nje palikuwa pakichoma kuanzia asubuhi. Likizo nzima niliimaliza kwenye zulia chini ya kiyoyozi. Bibi naye alikuwa na njia moja tu, kutoka kitandani mpaka barazani na kurudi. Alisema magoti yameisha. Baba alifanya kazi serikalini, na Mfaransa mmoja wa kazini kwake akamwambia kwamba kwao nyumba za mashamba hukodishwa kwa familia wakati wa kiangazi, pamoja na jiko lake. Jiko ndilo lililomaliza maneno, maana Bibi asingelala hotelini akala kwenye chombo asichokijua. Asubuhi ya kwanza baba alifungua geti dogo la mbao mbele ya nyumba, akanionesha njia ya udongo inayopita katikati ya vichaka, akaniambia niende nitakako ila nisivuke mto. Nilikuwa sijawahi kuambiwa niende. Nilikimbia mpaka kifua kikauma, nikarudi nimejaa majani kichwani, na mama akacheka badala ya kunigombeza.

Jirani tulikuwa na mmoja tu, bibi mwenye ng'ombe na bata bukini, makamo ya Bibi yangu, aliyejifunga kitambaa kichwani na kuvaa mabuti ya mpira jua likiwaka. Jina lake tuliambiwa na mwenye nyumba, na Bibi akalifanya Bi Odeti. Siku ya pili Bibi alikanda maandazi ya iliki kwa tui la unga, akayapanga kwenye sahani yake ya bati yenye maua mekundu, aliyotoka nayo Unguja, akafunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akamtuma mama. Kwetu sisi ndivyo mtu anavyohamia mahali. Sahani inakutangulia kusema wewe nani. Ikirudi, inarudi na kitu cha mwenzio, hata kama ni ndimu mbili au kifundo cha sukari. Mimi nimekua nikiona sahani zikiingia na kutoka mlangoni petu, sikumbuki hata moja iliyorudi nyeupe.

Asubuhi iliyofuata tuliikuta sahani juu ya ukuta wa mawe kando ya geti letu. Ilikuwa imesuguliwa hata inang'aa, na kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi. Bibi alikiinua kitambaa taratibu, akaangalia chini yake, akakirudisha kama mtu anayemfunika maiti.  Baba alijaribu kumweleza kwamba labda hiyo ndiyo adabu ya watu wa huku, kurudisha chombo kisafi.

"Adabu gani, Nassor?" Bibi alisema. "Wamekula, wameosha, wameturejeshea chetu. Mtu akikurejeshea bati tupu kesha kwambia msijuane. Mie nnataka kwangu. Sikai mahali nisipotakiwa."

Baba hakubishana na mama yake, hakuwahi. Alisema kesho yake angekwenda mjini kupiga simu ya kubadilisha tiketi. Mama alianza kukunja nguo kimyakimya. Mimi nilipanda darini nikachungulia kidirishani. Nyuma ya mto kulikuwa na kilima nilichokuwa nimejiahidi kukipanda, chenye mti mmoja juu, na nikauona ukuta wa Hail umesimama mbele yake. Nilijua kwamba kila kitu kimekwama kwenye sahani ile. Kama imerudi tupu kwa makosa, nilijiambia, basi arudishiwe mwenyewe akaitazame vizuri.

Asubuhi niliichukua, na kitambaa chake, kabla mtu hajaamka, nikashika njia. Umande uliloanisha pindo la gauni langu mpaka magotini. Majani ya ng'ombe yalikuwa yamekatwa jana yake na yalinukia utamu kama chai iliyotiwa mchaichai. Kengele ya kanisa la mbali iligonga, ng'ombe wakainua vichwa wote pamoja kunitazama, na bata bukini wa Bi Odeti wakanikimbilia wamenyoosha shingo. Sikukimbia. Niliwaonesha sahani, nao wakasita, na hilo lilinitia moyo. Bi Odeti alitoka zizini na ndoo ya maziwa. Nikamnyooshea sahani kwa mikono miwili, nikagonga katikati yake kwa kidole, penye ua kubwa, ili aone kwamba hapana kitu.

Aliitazama sahani. Akanitazama mimi, miguu yangu miwili ya njiti iliyotoka chini ya gauni lililoloa. Uso wake ukabadilika kabisa. Aliweka ndoo chini, akanishika mkono, akaniingiza jikoni, akaniketisha, akanikatia mkate mnene, akaupaka siagi nene vilevile, akanimiminia maziwa ya moto na kusimama juu yangu mpaka nikamaliza. Sikuelewa neno lake hata moja, lakini nilielewa kwamba nalishwa kwa sababu ya njaa. Nilikula. Kisha akajaza sahani mayai na jibini, akatafuta kikapu akatia mkate mzima, matunda mekundu yanayofanana na zambarau, siagi na chupa ya maziwa, na bado akizunguka jikoni akifungua makabati. Mwisho akafunga upya kitambaa chake kichwani, akanipa sahani niibebe, akatoka mbele yangu kama askari, kikapu mkononi, kwenda kuona ni watu gani hawa wanaomwachia mtoto ashinde na njaa.

Tulimkuta baba ndiyo kwanza anawasha gari aende mjini. Alizima. Bibi alikuwa barazani, juu ya sanduku lake lililofungwa. Aliiona sahani yake inakuja, imejaa mpaka kitambaa kimesimama, na nyuma yake mwenyewe jirani, kwa miguu yake, asubuhi mapema. Sijapata kuona mtu akiinuka upesi vile kwa magoti yaliyokwisha. Alimpokea Bi Odeti kwa mikono miwili, akamwingiza ndani, na huyo akaenda moja kwa moja jikoni kukagua. Akakuta gunia la mchele, sufuria la pilau la jana, na maandazi mengine yanasubiri mafuta. Alisimama katikati ya jiko akatazama vyote, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Akanionesha kwa kidole, akapima unene wa mkono wangu kwa vidole vyake viwili.

"Si nnasema kila siku," Bibi akamwambia kwa Kiswahili, kwa furaha ya mtu aliyepata shahidi. "Mtoto huyu hali. Mke mwenza wangu huyu mdogo, atamwaibisha babu yake."

Baba ndiye aliyeelewa mambo yote mawili, alilodhani jirani na alilodhani Bibi. Alitoka nje, na nilimwona garini, kichwa juu ya usukani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama alianza kukunjua nguo.

Sahani haikupumzika tena. Ilikwenda na visheti ikaja na jamu, ikaenda na sambusa ikaja na kabichi, na kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake. Bi Odeti alimletea Bibi mabuti ya mpira, na Bibi akayavaa chini ya buibui lake, wakawa wanashikana mikono kwenda kutazama ng'ombe, kisha mtoni, kisha mbali zaidi, kila mmoja akisema kwa lugha yake na kujibiwa. Hata ile siku niliyopanda kilima, sikupanda peke yangu. Tulipanda watatu, polepole, na Bibi alifika mpaka kwenye ule mti, akaushika kama anayemshika mtu bega. Chini yetu bonde lote lilikuwa kijani.

"Zuwena," aliniambia akihema, "kumepungua minazi tu."

Asubuhi ya kuondoka aliijaza sahani maandazi, akaipeleka mwenyewe, na hatukusubiri irudi. Alifanya kusudi. Mabibi wenzake Maskati walikuwa wakihesabu majumba ya watoto wao, na yeye aliwaacha wamalize ndipo aseme, mpaka uzeeni kabisa, "Mie nna sahani yangu Ufaransa."

Tangu nilipomaliza sekondari nimehama kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nimekodi nyumba katika nchi ambazo Bibi hakuzisikia. Sasa nimerudi Maskati, nipo Khuwair ya Kusini, ghorofa ya nne, korido ndefu yenye milango iliyofanana, ambako chakula huletwa na pikipiki na hakuna anayekijua chombo cha mwenzake. Mwezi uliopita jirani mpya alihamia mlango wa pili, Mkenya, Mama Brian, anayefanya kazi hospitalini. Nilimpelekea maandazi. Keshokutwa yake nilikuta sahani mlangoni pangu, safi, inang'aa, tupu. Nilicheka peke yangu pale koridoni. Halafu nikaichukua, nikaenda, nikabisha, na alipofungua nikamnyooshea kwa mikono miwili, nikagonga katikati kwa kidole.

Aliitazama sahani, akanitazama mimi, mwili wangu huu usio na njiti hata moja, akaziba mdomo kwa aibu na kicheko.

"Hata kwetu hairudi hivyo, dada," alisema. "Ni vile nilikuwa na zamu ya usiku. Ingia, chapati ziko kwa moto."

Nikaingia.