Mume wa Sita wa Binti Sultani

Waliokulia Hyattsville, huko ughaibuni, enzi zetu, kwenye yale maghorofa ya matofali mekundu, watanielewa. Hatukuwa na simu za kuchezea. Tulikuwa na chumba cha kufulia nguo, chenye joto la mashine, harufu ya sabuni, na harufu ya chapati za mama Kamau zilizoshuka ngazi kututesa. Leo nina stashahada ya ugavi, niliyoisomea huku nikipakia maboksi ghalani, bila msaada wa mjomba wala shangazi. Imo kwenye fremu ya dhahabu sebuleni kwangu Morogoro, nilikorudi ukubwani, na kila mgeni huonyeshwa kabla ya chai. Lakini kabla ya stashahada, nilihitimu kufa.

Mwalimu wangu alikuwa Zuhura, binti wa dereva teksi wa ghorofa ya pili. Aliazima maktaba kitabu cha binti wa Sultani wa Uturuki ya zamani, aliyeozwa akiwa na miaka mitatu, kisha akaozwa tena na tena kwa mapasha, yaani wakuu wa Sultani, kwa sababu waume walikuwa wanakufa. Zuhura alijifunga shuka lenye maua, akaketi juu ya mashine ya kukaushia, akaanza kuolewa.

Kamau alikuwa mume wa kwanza na wa pili. Alikufa kwa makelele mpaka mlinzi akaja.

"Si ungekufa polepole?" Zuhura akamfokea.

"Nimekatwa kichwa, bwana! Utakatwaje polepole?" akajibu, kisha akaitwa kula.

Nikabaki mimi. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimekufa mara tatu: vitani, kwa homa, na kwa uzee nikiwa na miaka tisa. Sheria ilikuwa moja: mume wa binti Sultani husimama, mikono kifuani, mpaka mke amwambie akae. Wale watatu walikufa wima.

Nikawa mume wa sita. Zuhura akafungua kitabu, akapekua mbele na nyuma.

"Ukurasa umechanika, Juma. Sijui kama unakufa."

"Basi nikae?"

"Subiri hapo hapo, nikafikirie."

Mama yake akamwita. Sikujua kwamba siku ile walikuwa wanahamia Alexandria, mji wa jirani ng'ambo ya mto. Ni mwendo mfupi kwa gari, lakini kwa mtoto asiye na gari, Alexandria na Istanbul ni mbali sawasawa. Nilisimama mpaka mama yangu akaingia na kapu la nguo.

"We Juma, umeota mizizi?"

"Siwezi kukaa, mama. Mimi pasha."

"Nani kakwambia ukae? Sogea nifue."

Mwaka jana nilipanda ndege kutoka Morogoro, nauli yangu mwenyewe, kwenda kwenye harusi ya Kamau, Germantown, karibu na kule tulikokulia. Nikamwona Zuhura ukumbini. Suti yangu ilikuwa mpya, hotuba kuhusu stashahada nilikuwa nayo mdomoni. Mikono ikapanda kifuani yenyewe.

Akaja, akaitazama mikono yangu.

"Pasha! Bado hujakaa?"

"Sijaambiwa."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nimeolewa mara mbili, Juma. Wote walikaa bila kuambiwa."

"Na wa sita je? Alikufa?"

"Subiri hapo hapo, nikafikirie," akasema, akapotelea kwenye umati.

Nikasimama. Watu wakacheza muziki wakinizunguka kama nguzo ya ukumbi. Nikajiuliza, safari hii amehamia wapi tena? Miguu ilikufa ganzi. Ndipo akatokea na sahani mbili za pilau.

"Keti," akasema.

Viti vilikuwa vimekwisha. Nikakaa sakafuni na suti yangu, naye akakaa kando yangu.

Vijana wa siku hizi wanaoana kwa kidole kwenye simu na kuachana kwa kidole, tena wote wamekaa. Sebuleni kwangu kuna makochi saba ya ngozi, na wageni hujitupa humo hata kabla ya kuona fremu. Siwalaumu. Hawakupata wa kuwasimamisha. Mimi, tangu niliporudi, ninakula wima, nikimsubiri mgeni mmoja aliyeahidi kuja Desemba kuniambia tena nikae.