Mzee wa Jaketi la Pinki

Februari, saa saba mchana, jua linachoma mpaka lami inanuka, mzee mmoja akaingia ofisini kwetu katikati ya jiji amevaa jaketi la theluji.

La pinki. Lenye maua kwenye mikono.

Na lilikuwa dogo. Mikono imeishia karibu na viwiko. Juu, kofia ya sufu. Jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu za hina.

Jacklyne, mwenzangu wa meza ya pili, akaninong'oneza: "Peres, huyo ni wako. Mimi nina watoto."

"Na mimi je?"

"Wewe una mmoja tu."

Ukweli ni kwamba nilimhitaji mteja yeyote. Nilikuwa kwa majaribio, na bosi alishaniambia bila kuzunguka: ikifika Ijumaa sijauza safari hata moja, Jumatatu nisisumbuke kuja. Nina Quincy wa miaka miwili, chumba cha kupanga Mutuini, na diploma ya utalii ninayoisomea jioni. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa imeshikilia vyote vitatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Hemed, nauza leso Biashara Street. Nataka kisiwa, mwezi wa sita. Kaskazini kabisa, kule dunia inakoishia."

Akatoa picha mbili. Moja visiwa vya Faroe, nyingine Svalbard.

"Nichagulie. Nyumbani tumeshindwa."

"Baridi, mzee, utaiweza?"

"Si ndiyo naijaribu. Jana nimekaa nusu saa kwenye chumba cha barafu cha rafiki yangu muuza samaki. Mgongo salama. Mikono tu ndiyo inaingiza upepo."

"Labda utafute saizi kubwa kidogo."

"La. Saizi ni hii hii," akasema, akipigana na zipu.

Jacklyne akaingia chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Kabla ya kutoka, mzee akanionyesha simu. Paka saba, wote wamelala kwenye kochi moja. "Mtu wa Lamu bila paka ni nusu mtu," akaniambia.

Jioni mbili nzima nilisoma, Quincy akinivuta sikio. Svalbard, mwezi wa sita jua halizami kabisa. Ukitoka nje ya mji kuna dubu. Na paka wamepigwa marufuku kisiwani, wasile ndege.

Faroe ni majani, mvua, na kondoo wengi kuliko watu. Baridi yake ya kiasi. Jua linazama karibu saa tano na nusu usiku.

Nikamwonea mzee huruma. Nikamchagulia Faroe.

Alhamisi akarudi na mkewe, Bi Zena, mwalimu wa madrasa mwenye miwani ya kukukagua mpaka roho. Nikamwaga maneno. Kondoo, majani, hali ya hewa ya upole.

Bi Zena akanikatiza. "Huko jua linazama?"

"Linazama, bibi."

"Basi nipande ndege ya nini? Hata hapo Eastleigh linazama. Na huko kwingine?"

"Svalbard halizami. Lakini bibi, sala mtazipangaje?"

"Mwanangu, nimefundisha miaka thelathini. Hilo masheikh walilijibu kabla mama yako hajaolewa. Saa ninayo."

Nikatoa silaha ya mwisho. "Paka hawaruhusiwi. Hata mmoja."

"Alhamdulillah. Wiki nzima bila manyoya kwenye wali."

Nikamgeukia mzee kwa huruma. "Na wewe utakaaje bila paka?"

Wakatazamana.

"Mimi?" akauliza. "Nani kakwambia nasafiri? Daktari wa moyo alinikataza ndege tangu mwaka juzi. Anakwenda na dada yake. Mimi nabaki na paka."

"Na kile chumba cha barafu?"

"Nilimkataza," akasema Bi Zena. "Hasikii."

"Nilitaka kujua," mzee akasema polepole, akitazama sakafu. "Kama jaketi hili halikuniacha nigande mimi na moyo huu, yeye atarudi mzima."

Bi Zena akalichukua lile jaketi mkononi mwa mzee. Akalivaa juu ya buibui. Mikono ikafika pale pale mikono inapopaswa kufika.

Nikaangalia fomu yangu. Mstari wa kwanza: *Msafiri ni nani?* Mtupu. Mwalimu wetu wa jioni, Dalmas, aliuandika ubaoni wiki tatu mfululizo. Mimi niliuruka kwa sababu nilikuwa nimebana kicheko.

Nikaujaza hapo hapo. Svalbard, wasafiri wawili. Jumatatu nikaenda kazini kama kawaida.

Mwezi wa sita mzee alikuja mbio, manyoya ya paka yamejaa kwenye shati. Picha imeingia. Bi Zena kasimama ndani ya pinki, ameinua saa yake kwa kamera: saa sita usiku, na jua nyuma yake limeng'ang'ana angani.

"Umeiona mikono?" mzee akaniuliza. "Imefika mpaka kwenye glavu."

Siku hizi mteja akiingia, hata kama amevaa sufuria kichwani, kwanza naandika jina la anayesafiri. Kucheka kutanisubiri. Mara nyingi, ukishalijua jina, hamu ya kucheka yenyewe huisha.