Mama Yangu, Mwaka wa Kwanza

Niliomba chuo cha mbali makusudi, nipumue. Siku ya kuripoti nikafungua mlango wa chumba namba saba bwenini, nikamkuta mama yangu mzazi anatandika kitanda cha dirishani. Kumbe naye alikuwa ameomba kimya kimya, na alishambembeleza msimamizi wa bweni atuweke pamoja.

"Usinitolee macho," akasema. "Na mimi ni mwanafunzi."

Mama amekuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na mbili, kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi. Mara mbili aliomba kazi ya kufundisha ushonaji, mara mbili akaulizwa cheti, mara mbili akarudi nyumbani haongei na mtu. Safari hii alikuwa ameapa kukipata. Yeye alichukua ushonaji, mimi umeme.

Wiki ya kwanza nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kantini alinipangusa mdomo mbele ya darasa langu zima. Msichana akipita na sketi iliyofumuka pindo, mama anamwita, "Hebu njoo hapa, mwanangu," na sindano tayari iko mdomoni. Wakambandika jina, Mama Futi, kwa ajili ya ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake hata bafuni. Akavimba kichwa kwa jina hilo. Mimi wakaniita Mtoto wa Futi, nikavimba mashavu.

Mwezi wa tatu ukaja mtihani wa kuchora wa darasa la mama. Walipewa jedwali la vipimo vya blauzi ya saizi thelathini na nane, waichore kwenye karatasi, mbele na nyuma. Kwenye kona ya darasa kuna sanamu la kuvalishia nguo, limeandikwa saizi hiyohiyo. Mama akalitazama, akaona bega la kushoto limeshuka. Basi akaliacha jedwali, akalipima sanamu, akachora blauzi ya kulikaa lile sawasawa, bega moja juu, jingine chini. Akapata sifuri.

"Lakini mwalimu, lile sanamu lina bega bovu!"

"Nani alikuuliza habari za sanamu, mama? Fuata jedwali."

"Kwani jedwali ndilo litakalovaa blauzi?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukianguka na kwenye marudio, unafungasha. Marudio yalikuwa baada ya wiki mbili.

Nitasema ukweli, ingawa naona aibu. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba chumba kitakuwa changu. Halafu nikamwona amekaa kitandani, anakunja nguo ambazo zilishakunjwa. Nikajichukia. Nikatoa rula yangu na penseli.

Kumfundisha mzazi ni adhabu. Kila nikimtajia kipimo, ananiuliza ni cha nani.

"Cha mtu yeyote, mama."

"Hakuna mtu yeyote. Kuna mwenye tumbo, kuna mwenye kibyongo, kuna anayejidanganya kuwa ni mwembamba."

Nikampandishia sauti. Akanipandishia ya kwake, akanikumbusha nani alimzaa nani. Tukanuniana siku mbili ndani ya chumba cha hatua nne. Siku ya tatu akaliinamia lile jedwali muda mrefu.

"Huyu mwanamke," akasema mwishowe, "hana kasoro hata moja. Maskini, hajawahi kubeba mtoto wala ndoo. Haya bibi, karibu, simama wima nikupime."

Akaanza kuchora huku anapiga soga na mtu asiyekuwepo. Akamuuliza blauzi ni ya kuvaa wapi. Akamshauri aachane na kola kubwa, haimpendezi. Mistari ikatoka imenyooka, vipimo vyote vya jedwali, hata nusu sentimita haikupotea. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Siku ya marudio nilitoroka somo la nyaya, nikajibanza nje ya dirisha lao. Nikamsikia mwalimu: "Mama, unaongea na nani?"

"Na mteja, mwalimu. Usinichanganye."

Alipata sabini na nne. Tulishikana mikono pale kwenye ubao wa matangazo tukarukaruka, watu wanatushangaa, na sikujali hata kidogo. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama yangu dakika ile.

Jioni niliporudi chumbani nilimkuta anafungasha.

"Wamekosea matokeo?"

"Wala. Nahamia namba kumi na mbili, kwa wenzangu wa darasani."

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea, mwanangu. Ila umezidi. Kila saa, umesoma? Umechonga penseli? Umelala mapema? Niache na mimi niwe mwanafunzi."

Nikamsaidia kubeba godoro hadi namba kumi na mbili. Wasichana watatu wakafungua, wakamshangilia, wakamvuta ndani na godoro lake, na mlango ukafungwa mimi bado nimesimama nje.