Mti Wangu Haukuitika

Usiku ule wa kuamkia mkutano wa mtaa nililala na kinyongo changu, kama nilivyolala nacho miaka miwili. Asubuhi mwenyekiti angetuuliza kwa mara ya mwisho nani ana karatasi inayoonyesha kwamba bustani yetu ni ya watu wote. Isipopatikana, mfanyabiashara aliyekwisha kumwaga kokoto pale getini angeanza kuchimba msingi wa fremu za maduka. Mimi nilijua karatasi iliko. Ilikuwa kwa jirani yangu, Mama Elisante, aliyekuwa karani wa ardhi kabla ya kustaafu. Aliwahi kunionyesha ile ramani ya zamani, tukiwa bado tunapelekeana chakula. Lakini nilikuwa sisemi naye, na kumfuata mtu niliyemnunia siwezi. Ndivyo nilivyo.

Usingizi ukanichukua. Nikajikuta bustanini, mchana kweupe, mvua imetoka kukatika na nyasi zimelowa. Mwalimu Anaeli amesimama katikati na gambuti zake za kijani, daftari la mahudhurio kwapani. Alitufundisha darasa la nne, na ndiye aliyetupandisha miti ile, kila mtoto na wake. Siku ya kumzika niliimba kwaya. Hata hivyo sikuogopa. Nilifurahi, kama mtu aliyekwenda stendi kumpokea mgeni akamwona anashuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Aikande. Umechelewa. Simama mstarini."

Nikasimama. Miguuni nina soksi nyeupe za shule, na mgongo hauniumi hata kidogo. Mwalimu anafungua daftari, anaanza kuita majina yetu kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na kila jina linaitikiwa na mti. Anaita Ndeonasia, mgrivea ulio karibu na bomba unasema, "Nipo." Anaita Kileo, mjakaranda wa pembeni unasema, "Nipo, Mwalimu." Kileo alishafariki, Ndeonasia aliolewa mbali, lakini miti yao inaitika kwa adabu kuliko wao walivyokuwa wakiitika. Nacheka peke yangu.

"Aikande."

Kimya. Mti wangu wa utotoni uliangushwa na upepo, nami nilikuwa nimepanda mche mwingine palepale. Sasa pale pamesimama kijiti kilichogugunwa, hakina hata jani.

"Wako uko wapi?"

"Umeliwa, Mwalimu."

"Na nani?"

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia miaka miwili. Mche ule ulipoliwa nilisimama mbele ya kina mama wote waliokuja kufanya usafi, nikasema ni mbuzi wa Mama Elisante. Akakana, nikamwita mwongo. Akaapa kwamba bustani ile hatatia mguu tena. Wiki moja baadaye nikamkuta mbuzi wangu mwenyewe, amekata kamba, anamalizia mche wa mtu mwingine. Nikamrudisha bandani, nikanyamaza. Hata mume wangu sikumwambia.

"Na mbuzi wangu," nikasema.

Hakunigombeza. Anaandika kitu daftarini, analifunga, na sasa hatuko bustanini, tuko jikoni kwangu. Chai inachemka na gambuti zimeacha matope sakafuni. Mkononi ameshika jani la sale, refu na bichi, limepigwa fundo. Kwetu Uchagani ukimpelekea mtu sale umekiri kosa na unaomba radhi, naye hana njia ya kukukatalia.

"Lipeleke kabla ya mkutano," akasema. "Na useme ni mbuzi wa nani."

Nikamkaribisha chai. Akasema ana kipindi.

Nikaamka, kunapambazuka. Nilikwenda jikoni kukagua sakafu, sioni aibu kusema, na ilikuwa safi. Nikachukua kisu, nikaenda hadi kwenye uzio wa bustani, kwenye masale aliyoyapanda Mwalimu mwenyewe kuwa mpaka, nikakata jani moja na kulipiga fundo. Kisha nikapiga hodi kwa Mama Elisante. Nilijisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa siku nyingi.

Alifungua mlango akiwa na kanga begani. Akalitazama jani, akanitazama mimi.

"Mbuzi alikuwa wangu," nikasema. "Nisamehe, dada."

Akalipokea kwa mikono miwili.

"Najua. Nilimwona siku ileile ulipokuwa unamrudisha," akasema. "Ingia. Ramani iko mezani tangu juzi. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nilikunywa chai kwake, kisha tukatoka kwenda mkutanoni, yeye amekumbatia ramani kifuani. Kwenye njia panda nilitaka tuzunguke, kwa sababu ya kile kiapo chake, lakini akanivuta mkono tupite katikati ya bustani. Tulipofika kwenye kijiti changu akasimama, akakikagua kutoka juu hadi chini, akaniambia mwaka huu nimfunge mbuzi kwa mnyororo.