Binamu Yangu na Kadi za Kijapani Nilizozikataa

Nimekosa. Nalisema mwenyewe kabla hamjanisemea, maana Masasi hapa ukipiga chafya asubuhi, mchana Newala wanakupa pole. Ila nisikilizeni vizuri. Sikukosa pale mnapodhani.

Najua mnavyonijadili. "Mama mzima, mwenye saluni yake, anakaa jioni anacheza kadi za madubwana!" Wengine mnasema ni kamari. Kamari gani isiyo na hata shilingi mezani? Nimecheza, nacheza, na nitacheza. Hilo silitubii, mtanichoka!

Kosa langu ni jingine, na linaniuma mpaka chakula hakipiti.

Kwa asiyejua, kadi zenyewe si karata hizi za kawaida. Kila mchezaji ana fungu lake alilokusanya mwenyewe, na kila kadi ina picha ya kiumbe na maandishi ya nguvu zake. Watengenezaji wanazitoa kwa matoleo ya nchi na lugha mbalimbali. Zangu ni za Kiingereza, shemeji aliniletea kutoka Dar. Mama Anjelina, anayevuka Ruvuma kufuata vitenge, ana za Kireno alizozipata Msumbiji. Na binamu yangu Salumu, mkulima wa korosho kule Mnyambe, juu Newala, zake zote ni za Kijapani. Aliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa amepanga kwake. Hizo hata mgongo hazifanani na zetu.

Sasa tungefanyaje? Tuzitupe? Huku kadi hazipo dukani! Tukakubaliana wenyewe, palepale kwenye benchi la saluni: toleo lolote linachezwa. Tukawa tunatafuta maana ya kila picha kwenye simu na kufundishana, na mambo yakaenda vizuri tu.

Salumu ni mtoto wa mjomba wangu. Watu wa kwetu mnajua binamu ni nani. Ni mtani wako, ana ruhusa ya kukutukana mpaka kwenye harusi yako. Tangu tukiwa wadogo hajawahi kuniita jina langu.

"Nke wangu," ananiita mkewe mbele ya wateja, "huyu umemsuka au umengombanisha na kuku?"

"Nyamaza, kichwa kama bibo la korosho lililokanyagwa!" namjibu. "Mume gani anakuja mikono mitupu?"

Wateja hoi! Mume wangu halisi naye anacheka mpaka anashika mbavu. Na baba alipofariki, Salumu alivaa kanzu ya marehemu katikati ya matanga, akaigiza mwendo wake na ukali wake. Nilicheka huku machozi yananitoka. Bila yeye ule msiba ungenimaliza.

Basi akahamia hapa Masasi afisa mmoja kutoka Dar. Mtu wa mashati yaliyonyooka. Kadi anazijua kuliko sisi sote. Aliponiambia, "Dada, wewe una kipaji," wee, kichwa kilivimba! Akasema kuna mashindano Dar, na yuko tayari kumgharamia nauli mmoja wetu, atakayeshinda hapa. Nikaanza kuongea kama yeye. Hata benchi langu mwenyewe nikaanza kulionea aibu.

Siku moja tukiwa wawili akaniambia, "Ila za Kijapani kwenye mashindano ya huku haziruhusiwi, maana mgongo wake ni tofauti. Mwambie ndugu yako mapema."

Sikumwambia! Hapo ndipo nilipokosa. Ningemwambia, Mama Anjelina angemwazima fungu, lile la Kireno ambalo halina shida ya mgongo. Nikanyamaza. Nilijua Salumu ananizidi, nikaliweka lile neno akiba.

Fainali ikawa mimi na yeye. Alikuja na pikipiki kutoka Mnyambe, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jamani, alinipiga! Nilibakiwa na kiumbe kimoja tu, nacho hoi. Salumu akaweka kadi yake mezani taratibu.

"Nke wangu," akasema, "aga nyumbani."

Saluni ikalipuka kwa kicheko. Nikaiona Dar inaniponyoka. Nikamgeukia afisa, nikamuuliza kwa sauti ya upole, eti sijui kitu, "Hivi kaka, hizi kadi zake zinaruhusiwa?"

Afisa akashangaa. Akasema kwa sheria za mashindano hapana, lakini alidhani tumeshaelewana, na mimi ndiye mwenyeji, niamue.

Salumu alikuwa bado anatabasamu. Alidhani natania! Alikuwa anangoja nimalizie utani wangu, ajibu wake.

"Sheria ni sheria," nikasema. "Salumu, umetolewa."

Mama Anjelina akaruka juu. "Sheria ya nani? Si tulikubaliana hapahapa?"

Salumu hakupandisha sauti. Alizikusanya kadi zake, akazifuta vumbi, akazifunga na mpira. Kisha akanitazama.

"Haya, Mama Shadya," akasema. "Asante kwa ukarimu."

Mama Shadya! Hivyo ndivyo wanavyoniita wateja, majirani na mwenye nyumba. Salumu, kamwe!

Dar nilikwenda, na raundi ya kwanza tu nikatolewa na mtu aliyekuwa anatafuna bigijii. Mnacheka? Chekeni, nimestahili. Lakini lililoniua nililiona ukumbini, kwenye meza za pembeni, za wasioshindana. Wenye Dar yao walikuwa wanacheza Kiingereza na Kijapani na lugha nyingine nisizozijua, wamechanganyika, wanagongeana mikono. Walikuwa wanafanya vilevile tulivyokuwa tunafanya kwenye benchi langu! Nilirudi Masasi nimeinamisha kichwa kwenye basi njia nzima.

Nikafunga saluni, nikabeba sukari na sabuni, nikapanda Mnyambe.

"Karibu nno, Mama Shadya," Salumu akanipokea. Akanitolea kiti cha wageni. Mkewe akaleta chai na mihogo. Akaniuliza hali ya watoto, hali ya mume wangu, hali ya biashara. Sikuvumilia.

"Wee kichwa bibo!" nikamwambia. "Nimekuja kudai mahari yangu!"

Akatabasamu lile tabasamu analopewa bwana afya akija kukagua choo. "Haya mama. Ongeza chai."

Nikamweleza yote, hadi ile akiba yangu. Nikaomba radhi huku nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yameisha, mama. Nimekusamehe."

Amenisamehe! Na bado ananiita mama! Heri angenipiga na ufagio nikajua moja.

Sasa nawaambia. Yule afisa alirudi saluni kupanga mashindano mengine, nikamwambia mbele ya watu: kwenye benchi hili toleo lolote linachezwa, likiwa la Kijapani, la Kireno, hata la mwezini, na asiyetaka barabara ya Dar anaijua. Simchukii. Alinipa onyo la haki, nikalifanya kisu. Mwenye kosa ni mimi.

Nanyi mnaosoma, mkiwa na utaratibu wenu mliokubaliana na ndugu zenu, msiuvunje kwa sababu mgeni amewasifia. Na ukiijua sheria itakayommaliza mwenzako, mwambie mapema, kabla hamjakaa mezani. Ukingoja akushinde ndipo uitoe, wewe ni mwizi kama mimi.

Wanaonishauri niache, eti nimeshasamehewa, nitulie, waniache! Msamaha wa kistaarabu sikuufuata mimi, abaki nao. Jumamosi napanda tena Mnyambe, na Jumamosi inayofuata, na nyingine. Nitakaa kwenye kile kiti chake cha wageni, nitamaliza chai yake yote na mihogo yake yote, na siondoki mpaka anitukane.