Ushahidi Dhidi ya Mama Mdogo

Tangu tumzike bibi, mama na mdogo wake hawakusalimiana hata kanisani. Mama alidai kwamba mdogo wake, aliyemwuguza bibi kule kando ya ziwa Tshangalele, alimficha ugonjwa mpaka mwisho. Mama mdogo alisema alimwita. Ukoo ungekaa Jumapili kuwaamua, na mama alitaka ushahidi kutoka kwangu, kwa kuwa kazi yangu kiwandani ni kuwinda makosa ndani ya faili za kompyuta.

"Tafuta mambo yote yenye aliniandikia," aliniambia nyumbani Kikula, akinikabidhi simu. "Utaona, hata mara moya hakusema."

Nikahamishia ujumbe wao wote kwenye kompyuta, faili moja ndefu, kila ujumbe na mstari wake. Kisha nikaandika amri ya kutafuta maneno:

grep -iE 'gonjw|hopital|malad|kufa' mama.txt

Kimstari kilichosimama maana yake "au". Kipande "gonjw" hunasa mgonjwa na ugonjwa pia, na "malad" ni ugonjwa kwa Kifaransa. Kompyuta haibishi wala haitoi pole, ilileta ilichoombwa. Betri ya simu imekufa. Transfoma ya mtaa imekufa. Jogoo wa jirani amekufa, na inaonekana hakuna aliyesikitika. Bibi hakuwemo.

"Si nilisema?" Mama alikuwa karibu kufurahi.

Mimi sikutulia. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kwamba mzazi wake anaumwa, asije akapatwa na jambo njiani. Anaitwa kwa sababu nyingine, na mwenye akili anaelewa, anafunga safari. Nilipokuwa nasoma Lubumbashi, mama mwenyewe aliniita nije kutengeneza redio. Redio ilikuwa nzima. Baba ndiye aliyekuwa kitandani.

Mama mdogo huita watu kwa chakula. Nikatega upya:

grep -iE -A1 'kuya.*kul' mama.txt

Yaani "kuya", kwetu ni njoo, halafu chochote kile, halafu mwanzo wa neno la kula. Na -A1 ilete pia mstari unaofuata, ambao ndio jibu. Ilitoka mistari michache, yote ya mama mdogo. Kuya tukule mihogo. Kuya tukule kuku. Na wa mwisho, wa siku chache kabla ya msiba, ambamo "yaya" ni dada mkubwa na "mama" ni bibi:

"Yaya, kuya tukule samaki na mama. Anakungoya."

Chini yake, jibu la mama: "Niko na kazi mingi. Utume tu na taksi, tutapika ku nyumba."

Samaki walifika siku ileile. Nawakumbuka vizuri. Tuliwala na bukari, ugali wetu, tukawasifu, mama akaongeza pilipili.

Nilitamani kuifunga kompyuta, lakini mama alikuwa ameshasoma. Alisoma tena, akivuta kiti karibu.

"Aliniita," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaniambia nimpigie mdogo wake. Mama mdogo alipopokea, mama aliivuta simu sikioni. Alilia tu, kwa sauti, na mama mdogo hakukata simu.