Kiuno Kilichobaki Jukwaani

Goti langu lilipogoma nikaacha kucheza, wakanipa kazi ya kukaa ukumbini na kuwaangalia wenzangu. Kundi letu la michezo ya nyimbo na ngoma lilikuwa la mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, hapa Kolwezi. Kazi yangu ilikuwa kusema nani amechelewa kugeuka, nani anamziba mwenzake, mkono wa nani umelegea. Ukiifanya kwa miaka inakuharibia hata harusi za ndugu zako: watu wanashangilia, wewe unaona visigino tu.

Mwaka ule wa kufukuzana sikuwa na hamu ya kuangalia chochote. Mashine za mgodi wa Mashamba zilikuwa zikinyamaza moja baada ya nyingine. Viti vya ukumbi vilikuwa vimeibwa, vimekuwa kuni. Watu wa asili ya mkoa wa Kasai, waliofukuzwa ingawa wengi wao walizaliwa hapa hapa, walilala stesheni na magodoro yao wakingoja treni ya kuwarudisha kwao, na huko kwao hawajawahi kukanyaga. Na sisi bado tulifanya mazoezi. Labda kwa sababu jioni ilikuwa ndefu na hapakuwa na pengine pa kwenda.

Mchezaji wetu mkuu alikuwa rafiki yangu, mdogo kwangu, aliyeniita yaya, yaani mkubwa wake. Wazazi wake walitoka Kasai, na mama yake alikuwa tayari stesheni. Yeye alibaki kwa kuwa mume wake ni wa hapa. Majirani walijua, wakanyamaza. Kilichomnyima usingizi ni siku ya onyesho. Vijana waliokuwa wakifukuza watu walisema watakuja, watakaa mbele, na kukataa kucheza kungekuwa kujitangaza.

"Yaya, uangalie kiuno yangu," akaniambia. "Ile ya mama. Kama iko natoka, uniambie. Batanijua."

Nilikijua kiuno hicho, uchezaji wa Kasai aliourithi kwa mama yake. Sisi wengine tuliifuata ngoma. Chake kiliitangulia kidogo, kama mwenyeji anayefungua mlango kabla hujabisha. Mabega yametulia, uso umetulia, na chini kila kitu kinaongea. Kwenye hatua zenyewe alijifunza upesi kukificha. Shida ilikuwa kati ya hatua na hatua. Katika sehemu ya harusi ya mchezo wetu, akisimama kumsikiliza bwana harusi akiimba, mwili unapumzika na kiuno kinajiendea.

"Bado iko," nilimwambia. Kesho yake tena, bado iko. Nilichoka kulisema neno hilo, naye alichoka kulisikia. Mwishowe akakaza mwili wote kama amebeba ndoo ya maji, na kilichokuwa kizuri kuliko vyote katika kundi letu kikafa mbele ya macho yangu. Nikamwambia ni vizuri. Niliumia, lakini nilitaka abaki.

Siku ya onyesho vijana walikaa mbele, fimbo kati ya magoti. Ikafika sehemu ya harusi: yeye katikati, wasichana wa kundi nyuma yake kwa nusu duara. Akaingia. Hakukosea hata mahali pamoja. Bwana harusi akaimba, naye akasimama wima, ametulia tuli. Nikashusha pumzi.

Ndipo wasichana walipoanza, nikaona jambo ambalo wiki zote zile sikuliona kwa kukikodolea macho kiuno kimoja. Wote walikuwa nacho. Mabinti wa hapa, baba wa hapa, mama wa hapa, na kila mmoja alikuwa akiitangulia ngoma kidogo, mabega yametulia, uso umetulia. Ni yeye aliyewafundisha tangu wakiwa watoto. Wakazunguka pamoja, na mwalimu wao katikati amekakamaa kama nguzo.

Vijana wakasimama wakipiga mayowe.

"Hii njo ngoma ya kwetu! Ya kwetu kabisa!"

Mmoja akamnyooshea fimbo. "Ule mama wa katikati hayue kucheza! Anatoka wapi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Kilikuwa kicheko tu, hakuna aliyemshuku. Walimwona mtu mzito wa miguu, basi. Akaumaliza mchezo wote, hatua kwa hatua, huku wakimcheka.

Nyuma ya pazia nilimkuta amekaa chini, anavua shanga. Nikamwambia, "Hapana mutu amekujua. Unabakia."

Nje walikuwa bado wanaimba ule wimbo wa harusi, na wasichana wetu wakiitikia.

"Kiuno yangu banaipenda, batabakia nayo," akasema. "Mi mwenyewe njo habanitake."

Nikamsaidia kufungua kitenge cha jukwaani. Kesho yake asubuhi, kabla mtu yeyote hajaja kumfukuza, alibeba godoro lake akaenda stesheni kukaa na mama yake.